Ekseli Kuukuu na Gari Jipya la Ng'ombe

Mji wa Babati umekaa mahali ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Singida na mwingine ukishika njia ya Kondoa na Dodoma. Njia hii ya pili ni sehemu ya ile njia kuu ya kale iliyonuiwa kuunganisha Cape Town na Kairo. Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya mawe, vumbi na matope. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018 tu. Barabara mbovu huua magari, na gari lililokufa huacha mifupa. Si ajabu basi kwamba penye njia panda kama hii pamestawi gereji, na nyuma ya gereji pamelala ekseli, rimu, springi na vitovu vya magurudumu ambavyo mpita njia huviona kuwa takataka.

Mkulima wa Babati havioni hivyo. Mahindi na mbaazi zake zimo shambani, pengine mwendo wa kilomita kumi kutoka barabarani. Punda mmoja hubeba gunia moja mgongoni. Jozi ya maksai wakifungwa kwenye gari lenye magurudumu mazuri hukokota magunia manane bila taabu kubwa. Siku hizi ziko pikipiki za magurudumu matatu zifanyazo kazi hiyo, lakini pikipiki hunywa petroli na ng'ombe hula majani. Kwa hiyo gari la ng'ombe lingali na nafasi yake, na mara nyingi magari hayo huundwa kwa ekseli kuukuu ya gari la moto. Ulaya na Marekani watu hufanya jambo lilo hilo kwa madhumuni mengine: hutwaa ekseli ya gari lililochakaa, wakajenga juu yake tela la kulala wanapokwenda matembezini. Kanuni za sayansi zinazotawala tela la starehe na gari la magunia ni zile zile, ila gharama ya kukosea ni tofauti. Wa kwanza huharibikiwa na likizo, wa pili huharibikiwa na mavuno ya mwaka.

Jambo la kwanza la kuuliza si kama kitu ni kikuukuu, bali kama kinaifaa kazi mpya kinayopewa. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70. Mzingo wake ni mita 2.2 hivi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka mara 600 kwa dakika. Maksai hutembea kilomita 3 kwa saa, na gurudumu lile lile huzunguka mara 23 tu. Beringi iliyokwisha kuanza kuvuma, ambayo dereva mwenye busara hangethubutu kusafiri nayo hadi Arusha, yaweza kuwatumikia ng'ombe kwa miaka. Aidha, umri wa beringi za roli hutegemea mzigo kwa namna ya kushangaza: mzigo ukipunguzwa nusu, umri huongezeka takriban mara kumi. Hivyo neno "chakavu" ni neno la uhusiano. Chuma huwa chakavu kwa kazi fulani na kizima kwa kazi nyingine.

Hata hivyo wako wanaosifu ufundi wa kuungaunga kana kwamba kila kilichookotwa hufaa, na sifa hizo zina hatari sawa na dharau ya wale wasiotaka ila kipya cha dukani. Miaka ya baina ya 1979 na 1985, baada ya vita vya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta, vipuri vilipokuwa adimu nchini kote, mafundi wa Tanzania walijifunza kufufua karibu kila kitu. Waliojifunza vema walijua pia lipi halifufuki.

UKINZANI WA NJIA

Gari la ng'ombe likiwa limepakiwa lina uzito, tuseme, wa kilo 1,000, yaani kani ya newtoni 10,000 ikielekea chini. Kwenye njia ya udongo mkavu ulioshindiliwa, matairi ya upepo hukinza mwendo kwa sehemu kama 4 kwa 100 za uzito huo, yaani newtoni 400. Ng'ombe aliyelishwa vizuri huweza kuvuta kwa muda mrefu kani iliyo karibu na moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja, basi, hutoa newtoni 600 hivi. Kazi inawezekana, na akiba iko. Lakini likiingia kwenye mchanga wa korongo, ukinzani hupanda hadi sehemu 15 au 20 kwa 100, na jozi moja haitoshi tena. Kilima chenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 huongeza peke yake newtoni 1,000. Hapo mkulima hushusha nusu ya magunia au huazima jozi ya jirani, na hesabu iko upande wake hata kama hajapata kuiandika.

Na beringi je? Watu wengi hudhani kwamba siri ya wepesi wa gari lenye ekseli ya motokaa ni beringi zake. Hebu hesabu iamue. Ekseli ya chuma yenye nusu kipenyo cha sentimita 2.5 ikizunguka ndani ya kipande cha mti mgumu kilicholoweshwa mafuta, msuguano huwa kama moja ya kumi ya uzito. Lakini msuguano huo hutenda karibu na kitovu, ilhali ng'ombe huvuta kwa faida ya nusu kipenyo chote cha gurudumu, sentimita 35. Kani inayomfikia ng'ombe ni 10,000 × 0.1 × 2.5 ÷ 35, yaani newtoni 70 na kitu. Beringi za roli hupunguza kani hiyo hadi newtoni moja au mbili. Tofauti hiyo si ndogo, lakini haifikii hata moja ya tano ya ukinzani wa njia yenyewe. Faida kubwa ya gurudumu la motokaa imo katika tairi: lina upepo, ni pana, halizami. Kila tairi likibeba newtoni 4,000 kwa upepo wenye kanieneo ya newtoni 20 kwa kila sentimita mraba, hukanyaga eneo la sentimita mraba 200. Ukingo mwembamba wa chuma ungekanyaga sehemu ndogo tu ya hizo na kulima mtaro.

Kwa sababu hiyo wale waliobuni magari ya ng'ombe yenye beringi za mbao hawakuwa wajinga. Kituo cha kujaribia mashine za kilimo kilichokuwa Arusha, TAMTU, kilishughulika na magari ya namna hiyo kabla ya kazi zake kurithiwa na CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Vipande vya mti mgumu vikichemshwa katika mafuta hadi maji yote yatoke na mafuta yaingie, hutumika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hulika, na huhitaji kutiwa mafuta mara kwa mara na mtu ambaye jioni amechoka.

Beringi ya roli zenye umbo la koni ina kisa cha kupendeza. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi hiyo. Alikuwa akitafuta kitovu kitakachostahimili si uzito wa juu tu bali pia msukumo wa ubavuni, gari lenye mzigo linapokata kona. Motokaa zilikuja kuirithi baadaye. Fundi wa Babati anapoipachika kwenye gari la maksai hakika anairudisha kwao.

EKSELI IPI ICHUKULIWE

Ekseli za nyuma hazifanani, na kosa la kuzichanganya ndilo hulaza magari mengi njiani. Katika Land Rover za zamani na malori, gurudumu hukaa juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye bomba la ekseli lenyewe. Shafti iliyomo ndani hupeleka mzunguko tu na haibebi uzito wowote. Ekseli ya namna hii ni hazina. Shafti zote mbili huchomolewa, pamoja na gia za difu, na magurudumu hubaki yakizunguka kwa uhuru. Ekseli hupungua uzito, na ng'ombe hawasumbuki kuzungusha gia zisizo na kazi. Kilichobaki ni kuziba tundu zilimotoka shafti kwa vifuniko vya bati nene na gasketi, ili grisi isitoke na vumbi lisiingie.

Katika magari mengi madogo shafti hiyo hiyo ndiyo inayobeba gurudumu. Ukiichomoa, gurudumu linatoka nayo. Ekseli hii yaweza kutumika, lakini gia za difu hazina budi kubaki na oili yake, na shafti itaendelea kupindwa kila inapozunguka, jambo ambalo litaelezwa punde. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo sasa yamejaa kila mji, yana mtalimbo wa nyuma ulio mwepesi kabisa: ni boriti tu yenye vitovu viwili. Hufaa sana kwa gari la punda. Ila mwenye kuitumia akumbuke kwamba gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,000 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa mbele. Kuipa boriti hiyo magunia manane ni kuitaka ibebe ambacho haikuumbiwa.

Shafti inayozunguka huku imebeba uzito hupata adhabu ya pekee. Upande mmoja huvutwa, upande wa pili hubanwa. Nusu mzunguko baadaye mambo hugeuka. Katika kilomita 100,000 hilo hutokea mara milioni 45. Tarehe 8 Mei 1842 garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kurudi Paris lilianguka karibu na Meudon baada ya ekseli ya injini kukatika, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao kwa moto. Chuma kile hakikuwa kimezidiwa na mzigo siku ile. Mwaka uliofuata mhandisi wa Uskoti, William Rankine, alieleza kwamba mivunjiko ya ekseli huanza kwa ufa mdogo penye kona kali na kuingia ndani polepole. August Wöhler wa Ujerumani alitumia miaka ya 1850 na 1860 kuzungusha vyuma katika mashine hadi vikatike, akathibitisha kwamba mkazo ulio mdogo sana kuliko ule wa kukivunja chuma kwa mara moja waweza kukivunja ukirudiwarudiwa. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali, na ubaya wake ni kwamba haiponi kwa kupumzika. Ekseli iliyolala miaka kumi chini ya mwembe huamka na uchovu wake wote.

Ufa wa namna hiyo hauonekani kwa macho, lakini kuna njia ya kuutafuta ambayo shule yoyote yaweza kuijaribu. Chuma husuguliwa kwa brashi ya waya, kikaoshwa, kisha kikapakwa mafuta ya taa na kuachwa kwa muda. Baadaye hupanguswa hadi kikauke kabisa na kunyunyiziwa unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Njia hii ilitumiwa na karakana za reli kabla ya vifaa vya kisasa. Mahali pa kutazama zaidi ni penye mabega, yaani pale unene wa chuma unapobadilika ghafla, na kandokando ya ufito wa funguo.

Beringi nazo huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, na kutazamwa kwenye mwanga wa jua. Mashimo madogo juu ya roli au juu ya bakuli lake ni dalili ya kwamba uso wa chuma umekwisha kumeguka; rangi ya buluu ni dalili kwamba iliungua na ugumu wake umepotea. Zote mbili hutupwa, na bakuli hutupwa pamoja na roli zake, kwa maana vimelikana pamoja na hakuna kimojawapo kitakachopatana na mgeni. Wakati wa kufunga, nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa hadi lianze kuwa zito, kisha hulegezwa kidogo, kama moja ya sita ya mzunguko, na kufungwa kwa pini. Vitabu vya magari huonya kwamba grisi isijazwe mno, kwani itapata joto. Onyo hilo ni la gari liendalo kasi. Kwa mwendo wa ng'ombe hakuna joto la kuogopwa. Adui ni vumbi na maji ya makorongo, na kitovu kilichojaa grisi huyazuia vizuri zaidi.

KULEHEMU NA KUTOLEHEMU

Mashine ya kulehemu imerahisisha kazi nyingi, na imeharibu ekseli nyingi. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikiyeyushwa mahali pamoja na kupozwa upesi na chuma baridi kinachokizunguka, sehemu iliyo kando ya ungo huwa ngumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Springi za mabamba ndizo mbaya zaidi. Hazilehemiki kwa njia za kawaida. Mahali pake ni kwa mhunzi, anayezifua kuwa panga, mashoka na majembe. Mkoa huu na jirani zake una wahunzi wa siku nyingi: Wadatoga wa upande wa Ziwa Eyasi hufua mishale kwa misumari na bangili kwa kufuli za shaba, na hakuna aliyewafundisha kwamba jambo hilo laitwa kurejeleza.

Bomba la ekseli hushikwa na fremu kwa boliti za umbo la U, zile zile zilizokuwa zikishika springi, zikipitia kwenye vikalio vyake vya asili. Hivyo halichomwi wala kutobolewa. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa springi hazihitajiki kabisa. Ekseli ya mbele ya gari, yenye maungio ya usukani, hulazimu kulehemiwa ili magurudumu yasigeuke. Kwa sababu hiyo ni afadhali iachwe. Kuhusu matairi hakuna mengi: yaliyolika meno yanafaa, kwa kuwa meno ni ya kushika barabara na gurudumu la tela halisukumi, yenye nyuzi zilizotokeza hukatwa kuwa katambuga.

SHINGO ZA MAKSAI

Gari la magurudumu mawili ni wenzo, na egemeo lake ni ekseli. Inashangaza kwamba darasani wenzo huchorwa kwa mchezo wa pembea ya ubao ambayo wanafunzi wengi hawajaipanda, na dirishani linapita gari la ng'ombe. Mzigo uwe kilo 800, yaani newtoni 8,000, na kitovu cha uzito kiwe sentimita 10 mbele ya ekseli. Mti wa kukokotea uwe na urefu wa mita 3 hadi kwenye nira. Shingo za ng'ombe zitabeba 8,000 × 0.10 ÷ 3, karibu newtoni 270, sawa na kilo 27 kwa wawili. Kiasi hicho chavumilika. Mzigo ukisogezwa sentimita 10 nyuma ya ekseli, nira itainuka kwa kani ile ile na kuwakaba koo. Fundi anayepigilia ekseli katikati ya bodi kwa kuwa yapendeza huacha jambo hili kwa bahati ya mpakiaji. Yafaa ekseli irudishwe nyuma kidogo. Tela linalovutwa na motokaa huhitaji jambo hilo hata zaidi, kwani likiwa zito nyuma huanza kuyumba kwa mwendo wa kasi na kulipindua gari linalolivuta.

Urefu wa shehena nao hushiriki. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 80 juu ya ekseli, mteremko wa mita 1 kwa 10 hukisogeza mbele sentimita 8, na mzigo wa shingoni karibu huongezeka maradufu. Wakati huo huo gari la kilo 1,000 husukumwa na mteremko kwa newtoni 1,000, njia ikizuia 400 tu. Newtoni 600 zilizobaki huwaangukia wanyama ambao nira imewaandaa kuvuta, si kuzuia. Mtu ashukaye kutoka nyanda za Mbulu kuja Dareda anaufahamu mteremko. Breki, basi, si pambo. Gogo la mti mgumu lililoning'inizwa nyuma ya magurudumu na kubanwa juu ya matairi yote mawili kwa wenzo latosha, nalo laweza kutengenezwa kwa siku moja. Fundi mwenye ngoma za breki zilizosalimika aweza kuzitumia kwa waya na mkono wa breki ya kuegeshea.

Limezuka pia jambo ambalo wabunifu wa zamani hawakuwa na haja ya kulifikiria. Barabara sasa ni ya lami. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde. Dereva hutumia sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki, na gari huchukua mita 40 nyingine kusimama: jumla zaidi ya mita 60. Taa zikiwa zimeinamishwa, gari la ng'ombe lenye rangi ya udongo laweza kuonekana likiwa limebaki mita 40 au 50 tu. Kioo cha kurudisha mwanga, kile chekundu kinachong'olewa nyuma ya lori lililokufa, kina vipembe vidogo ndani yake vinavyourudisha mwanga kule kule ulikotoka, na dereva hukiona kutoka mita mia kadhaa. Viwekwe viwili, kimoja kila pembe ya nyuma, chini ya ubao ili magunia yasivifunike, na vipanguswe matope kila gari linapotoka shambani kuingia barabarani.